Minazi Yangu kwenye Mchanga wa Shaame

Maskati, Ijumaa baada ya sala

Dada yangu Bishara,

Assalaam alaykum. Shikamoo, na pokea shikamoo nyingine za malimbikizo kwa siku zote ambazo sikupiga simu. Natumai kifua kimetulia na ile dawa ya kuvuta unaivuta kweli, hukuifungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Na goti la shemeji je? Mwambie apunguze safari za bodaboda za kwenda Kilindoni kutafuta magazeti ya juzi. Mimi huku mwili upo, namshukuru Mungu. Ila nimechoka, dada. Nalisema mapema ili usipate taabu ya kulitafuta katikati ya mistari.

Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Tatizo simu yako husikilizwa kwa spika, na baraza yako haikosi watu. Mara ya mwisho nilipokutumia sauti kukueleza maumivu ya mgongo, pole zilinifikia kutoka Bwejuu kabla wewe mwenyewe hujanijibu. Jambo la leo ni letu wawili. Kwa hiyo barua hii nimempa Neema, yule Mnyaturu wa Singida anayefanya kazi nyumba ya pili, anakwenda likizo. Akifika Dar atamkabidhi yule mama wa Kilindoni anayefuata bidhaa Kariakoo. Pamoja na barua kuna kanga jozi mbili na sabuni za manukato. Ikifika jozi moja, usiniulize mimi.

Ujumbe wako wa wiki iliyopita niliusikiliza nikiwa napiga pasi. Umesema Shaame, mtoto wa marehemu Mzee Makame, alikuja nyumbani na mtu wa vipimo. Akakuamkia kwa adabu, akakaa, akanywa chai, ndipo akatoa la moyoni: wamekubaliana na ndugu zake kuiuza ardhi yao ya njia ya Utende, na mnunuzi anataka kujenga nyumba za wageni. Ukamuuliza, "Na minazi ya mdogo wangu?" Akakujibu, "Dada, mimi siuzi minazi yenu. Nauza mchanga wangu." Nawe ukamwambia, "Basi uchote huo mchanga wako uende nao, minazi utuachie hapo hapo."

Hapo nilicheka mpaka pasi ikaunguza kanzu ya Bwana Nasser, mwajiri wangu. Alama ni ndogo, iko upande wa ndani, hajaiona. Kisha ukaendelea kusema kwamba Shaame atalipa fidia kwa kila shina, na kwamba minazi itakatwa yote, kicheko kikanikauka. Lakini kilichonikalisha chini ni lile neno lako la mwisho. Ulisema, "Hawa, saini miaka miwili mingine. Fidia tuiunganishe na mshahara wako, tujenge vyumba vya kupangisha Kilindoni. Miaka miwili si kitu, mdogo wangu."

Mkataba wangu unaisha baada ya Idi. Ule mpya uko tayari, Bwana Nasser ameubandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye picha ya samaki, na kila nikitoa maziwa naonana nao. Anataka jibu mwezi huu. Basi barua hii ni jibu lako wewe kwanza, ndipo nimjibu yeye.

Unakumbuka tulivyoanza. Idi yangu ya kwanza huku nilipewa zawadi, nikakuuliza niifanyie nini. Ukaniambia fedha ikikaa mkononi huota miguu, nunua minazi. Sikubishana. Baba alinunua minazi, na babu kabla yake. Mtu aliyekwamishwa na harusi au msiba aliuza mashina yake machache, mwenye nafasi akayanunua mbele ya mashahidi, ikapigwa alama mpya, mambo yakaisha. Basi kila nilipopata kitu nje ya mshahara nilikutumia, ukaninunulia shina hapa na shina pale ndani ya shamba la Mzee Makame, ukaandika herufi ya jina langu kwa ile rangi nyekundu iliyobaki kwenye mlango wa mama. Hakuna aliyetaja habari ya ardhi. Nani angeitaja? Kwetu ardhi ilikuwa mahali pa kusimamisha mti. Mwenye mti ana mti wake, mwenye ardhi ana ardhi yake, na mti ukianguka, pale ulipokuwa panarudi kwa mwenyewe. Nalijua hilo tangu utotoni. Ila nililijua namna mtu anavyojua kwamba iko siku atazeeka.

Mzee Makame, Mungu amrehemu, aliniambia kwa mdomo wake nilipokuja kwenye arobaini ya mama. Alinitembeza shambani mti hadi mti, mkongojo unamtangulia, akasema, "Minazi ya Hawa itasimama hata mimi nikiwa nimelala chini." Na kweli amelala chini, na minazi imesimama. Yeye ahadi yake ameitimiza. Watoto wake hawakuniahidi kitu, na siwezi kuwalaumu kwa maneno ya baba yao.

Nilimweleza Neema habari hii tukiwa tunasubiri taka zichukuliwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama.

"Dada Hawa, yaani ulinunua mti bila ardhi?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo?"

"Ndiyo, Neema. Na nyinyi huko Singida mnanunua ng'ombe, mbona hamnunui nyasi?"

Akacheka, nami nikajiona nimeshinda. Kisha akasema, "Ng'ombe anatembea, dada. Nikifukuzwa naondoka naye."

Nilifunga mfuko wa taka nikarudi ndani.

Huyu Neema ndiye aliyenitia kwenye mambo ya vipande ambayo nilikudokezea mwaka jana, ukaniuliza vipande vya nini, vya papa au vya kitambaa. Ngoja nikueleze vizuri maana nina sababu. Watu wengi wanachanga fedha zao, wenye ujuzi wanazichukua na kununua hisa za makampuni na mambo mengine kwa niaba yao, na kila mtu anaandikiwa vipande kwa kadiri ya alichotoa. Chukulia ukoo mzima mmenunua shamba moja. Nazi zikianguliwa kila mtu ana fungu lake, lakini hakuna anayeweza kuligusa shina akasema hili ni langu peke yangu. Nilihofia riba, nikamuuliza ustadhi anayetusomesha Jumamosi. Akanihoji maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi, kisha akaniambia uko mfuko unaojiepusha na riba na biashara za haramu, nikiingia niingie huo. Nikaingia. Kila mwezi naweka kidogo kwa simu. Siku nyingine bei ya kipande inapanda, siku nyingine inashuka. Neema ananikataza kuangalia kila siku, anasema fedha hizo nizipe miaka, nizisahau. Ananishangaza. Mali isiyodondosha hata kuti, nisipoiangalia nitajuaje kama iko hai?

Usinielewe vibaya, sisemi kwamba ni bora kuliko minazi. Navyo vimesimama kwenye mchanga wa watu. Tofauti niliyoiona ni kwamba nikitaka kutoka, natoka na changu kwa bei ya siku hiyo, na hakuna Shaame wa kumwomba.

Lakini vipande havijawahi kunisaidia kwenye kupiga pasi. Minazi ndiyo imenisaidia. Sijawahi kukueleza hili, utanicheka. Nikiwa na rundo la kanzu mbele yangu, na kanzu za watu hawa haziishi, huwa naipitia miti yangu mmoja mmoja kama alivyonitembeza Mzee Makame. Nimeipa majina. Kuna Kibiongo, ule ulioinama. Kuna Mapacha, ile miwili iliyosimama mguu kwa mguu. Kuna Mchoyo, wenye makuti mengi na nazi za kuhesabu kwa vidole. Na wa mwisho ni ule wa Kisimani, ambao ulisema unazaa kuliko yote. Nikifika Kisimani na kanzu zimekwisha. Nilikuwa najiambia, Hawa, huyu unayempigia pasi ana magari matatu, lakini wewe nawe hukutoka nyumbani mikono mitupu.

Sasa katika ujumbe huo huo umesema mlipohesabu na Shaame, hesabu yako na yake zililingana, yangu ndiyo iliyozidi. Mchoyo uliangushwa zamani, ule mwaka wa upepo mkali. Pacha mmoja umeliwa na chonga, wadudu wale wakaingia kileleni ukafa umesimama. Hukuniambia kwa kuwa hukutaka kunivunja moyo. Nimekuelewa, sina kinyongo. Lakini nilipata uchungu, dada, siwezi kukuficha. Mti ulikwisha kuwa kuni, majivu yake yamezolewa, na mimi bado naupitia kila Jumatano ya pasi nikiusema vibaya kwa uchoyo wake.

Na nikamkumbuka Bibi.

Nimekwisha kukusimulia habari za Bibi Zuwena, mama yake Bwana Nasser, ambaye yeye ndiye kazi yangu hasa. Kumwosha, kumlisha, kumgeuza asipate vidonda. Alizaliwa Pemba, akaletwa huku akiwa msichana, na Kiswahili chake kizuri kuliko chetu. Akili yake huenda na kurudi. Kila asubuhi ninapomwosha yeye huhesabu mikarafuu ya kwao. Huanzia bondeni akapanda nayo mpaka kilimani, na akifika juu huniuliza kama wachumaji wameshafika. Nami humjibu wameshafika, Bibi, wanakunywa uji. Siku zote nilimwona anatia huruma. Mtu mzima, tena wa nyumba kubwa kama hii, anahesabu miti ambayo hajaitia machoni tangu ujana. Kumbe chumba cha pili yupo mwenzake na pasi.

Siku moja baada ya ujumbe wako nilikuwa namwosha kimya. Huwa namwimbia kidogo, siku hiyo sikuweza. Akili yake ilikuwa imerudi. Akanishika mkono.

"Wee mwana, leo una nini?"

Nikamwambia. Sikutegemea aelewe, nilitaka tu kusema kwa Kiswahili mbele ya mtu. Alisikiliza, kisha akauliza, "Uliipanda wewe?"

"Hapana, Bibi. Niliinunua imeshakuwa mikubwa."

"Nazi zake ulizila?"

Nikafikiri. Dada, kweli, nimezila? Nilipokuja kwenye arobaini ulikuwa msiba, nani alikumbuka kunikatia dafu. Na tangu hapo sijarudi. Mwezi uliopita nilimnunulia Bibi dafu kwenye duka kubwa la hapa. Limechongwa likawa jeupe kama yai, limefungwa nailoni, lina mrija ubavuni, na bei yake nakuhurumia nisikutajie. Alivuta mara moja akalisukuma. "Hili limekufa zamani," akasema. Nikalimaliza mimi, na ni kweli lilikuwa na ladha ya friji.

"Sijazila, Bibi," nikamjibu.

Hakunipa pole. Aliinua mkono wake mmoja, ule unaoweza kuinuka, akautazama. "Mimi mikarafuu yetu yote naihesabu tu, siikumbuki uso. Ila mitatu niliifukia mwenyewe. Baba aliniwekea miche, mkono wangu ukafukia. Hiyo mitatu naijua. Mmoja ulikuwa na jicho hapa." Akanionyesha mbavuni pake. Kisha akauliza kama chai iko tayari. Nikamwambia ameshakunywa, akakataa, nikampa tena. Baadaye akaniuliza kama wachumaji wameshafika.

Sikusemi wewe, wala simsemi mtu. Wewe umefanya kila nililokutuma na zaidi. Nazi zile zimekununulia dawa na zimekaa kwenye chungu chako, na hilo ndilo jema pekee lililotoka kwenye mashina yale, nimefurahi lilitoka. Lakini najiuliza nilikuwa naweka akiba ya nini. Kila mwaka nilisema bado kidogo, yakifika mashina kadha nitarudi. Yakifika, naongeza. Mwenyewe sikujua mwisho wake ni wapi. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini aliyetufundisha methali hiyo angetuambia na siku ya kupika.

Nakujibu sasa. Sitasaini.

Najua unavuta mdomo upande kama alivyokuwa akifanya mama. Usinune kwanza, soma mpaka mwisho. Unasema miaka miwili si kitu. Mkataba wa kwanza nilijiambia hivyo hivyo, na wa pili, na yote iliyofuata. Nikiiunganisha hiyo miaka miwili miwili isiyokuwa kitu, ndiyo ujana wangu wote. Mgongo wangu ukishainama kumnyanyua Bibi, haunyooki mpaka nishike ukuta. Vidole vimepasuka kwa dawa za kusafishia, hata barua hii naiandika kwa vituo. Bwana Nasser si mtu mbaya, mshahara wangu hauchelewi na hajawahi kunipandishia sauti. Lakini kazi nzuri nayo inachosha, na hakuna anayekuamini ukisema umechoshwa na kazi nzuri. Wewe niamini.

Kwa hiyo fanya haya. Usiende baraza la kata kumshitaki Shaame. Tutashindwa, na hata tukishinda tutakuwa na minazi mizee katikati ya nyumba za wageni, kila nazi ikianguka tunaitwa kuelezwa imempiga nani. Chukua fidia mbele ya mashahidi, umshukuru, na umwombe jambo moja tu: asikate mpaka nazi hizi zilizo juu sasa zikomae tuziangue. Ni kijana wa watu, amekunywa chai yako, hatakataa.

Kisha kile kipande cha ardhi cha nyuma ya skuli, chenye mawe, ambacho shemeji alisema mwenye nacho anakiuza na hakuna anayekitaka, tukinunue. Tusinunue mti hata mmoja, na hakuna wa kutuuzia maana haupo. Nunua mawe na mchanga wake. Nendeni na shemeji ofisi ya kijiji, waje wapime, watoe hati, na yaandikwe majina mawili, lako na langu. Ukisikia mtu anacheka kwamba Hawa amerudi kutoka Uarabuni na kununua mawe, mwambie ndiyo, na ajihadhari asijikwae.

Fidia itakayobaki usiitie kwenye vyumba vya kupangisha. Vyumba vinataka mtu wa kugombana na wapangaji, na pumzi hizo huna. Nitakapofika tutakaa wawili na simu yangu, nikuandikishe vipande kwa jina lako mwenyewe. Vitakua polepole, huenda kuna mwezi vitapungua na utanitukana. Lakini siku kifua kikikubana usiku hutalazimika kumngoja mkwezi wala mnunuzi wa nazi. Vyangu navyo nitaviacha viendelee. Neema atafurahi.

Sitakudanganya kwamba nina hakika. Nikitoka hapa siwezi kurudi, umri wangu hawaajiri tena. Mshahara utakatika na mawe hayaliwi. Kuna siku tutakosa, na siku hiyo utanikumbusha ule mkataba kwenye friji, na nitakuwa sina la kusema. Nalijua hilo na bado nakuja.

Bwana Nasser nitamwambia nikishajua barua imekufikia. Bibi itabidi nimwambie kila asubuhi, maana kila asubuhi atakuwa amesahau. Hilo ndilo linalonitia uzito kuliko mshahara.

Nisalimie shemeji Bakari, mwambie goti lake nimelinunulia mafuta ya ngamia, asiulize yanatoka sehemu gani ya ngamia. Mjomba wa Bwejuu, mkubwa wetu aliyebaki, mpe shikamoo yangu na umwambie pole zake zilifika haraka kuliko ndege. Msalimie Mwajuma mwanao, na umweleze mama zake wadogo wa huku wote ni mimi peke yangu, asitegemee zawadi nyingi. Jirani yetu Bi Sauda, mwenye kuuza vitumbua, mwambie niwekewe vya asubuhi ya kwanza. Na Athumani mkwezi, aliyeikwea minazi yangu miaka yote ambayo mimi nilikuwa nikiikwea kwa pasi, msalimie sana, maana nina kazi naye ya mwisho.

Mwambie siku ya kuangua, nazi zote azitupe chini kama kawaida yake, muuze. Lakini akifika kwenye ule wa Kisimani asitupe. Achague zilizokomaa vizuri, azishushe kwa kamba taratibu zisishtuke ndani. Hizo ni za mbegu. Uzilaze kivulini nyuma ya jiko, pale mama alipokuwa akiweka mitungi, uzimwagie maji jioni. Zitachukua miezi yake kuchipua, na mimi nina miezi yangu ya kumaliza mkataba. Sijui nani atamtangulia mwenzake.

Zikichipua kabla sijafika, dada, nakuomba usizipande. Hata zikirefuka na kukuzibia njia ya jikoni, hata Bakari akijitolea kwa moyo safi, mkatalie. Wewe unajua sheria yetu, aliyepanda ndiye mwenye mti. Mimi nimekuwa na miti miaka yote hii, na tangu nizaliwe sijafukia hata mmoja kwa mkono wangu. Nichimbieni mashimo tu, mgongo hauwezi mawe yale. Kufukia nitafukia mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,

Mwanahawa